Siku Tulizofungiwa Makaoni

Makao yetu yako mwendo mfupi kutoka barabara ya malori, upande wa Malaba, katika jengo lililokuwa ghala la mahindi. Familia moja ililitoa kwa kanisa baada ya baba yao kufariki, na kanisa likaweka vitanda, vyoo viwili na tangi la maji. Wanaolala pale ni watu wasio na pa kwenda: utingo aliyeugua njiani lori likamwacha, mama aliyefukuzwa na wakwe, mzee aliyevuka kumtafuta mwanawe akakosa mwana na akakosa nauli ya kurudi. Wengine hukaa siku mbili. Wengine hukaa mpaka tunasahau kwamba walikuja.

Mimi ni fundi wa cherehani katika soko la Amagoro. Kila Jumanne nilifunga kibanda changu mapema nikaenda makaoni kushona. Nguo za msaada huja na kasoro zake: zipu iliyokufa, suruali ya mtu mnene, koti lisilo na kifungo hata kimoja. Nilikuwa nazipunguza na kuzitia viraka, na mwenye nguo akisimama mbele yangu nimpime kiuno, tulikuwa tunazungumza kidogo. Sikuwa na kingine cha kutoa. Na wengine walitoa walichokuwa nacho. Kinyozi mmoja wa karibu na stendi alikuja na mashine yake mara moja kwa mwezi. Mwalimu mstaafu aliwaandikia watu barua za kutafuta vitambulisho vilivyopotea. Akina mama wa kwaya walipika Jumatano na Jumamosi. Mkulima wa kule Busibwabo alileta viazi vitamu kwa baiskeli kila msimu wa kuchimba, safari ya asubuhi nzima, na hakukubali kamwe kuingia kunywa chai.

Halafu kulikuwa na mzee mwenye duka la jumla mjini Busia, Mwislamu, ambaye alileta unga na mafuta ya kupikia kwa pikapu yake. Siku ya kwanza alipofika, mama mmoja wa kwaya alimuuliza kama anajua kwamba hapa ni mahali pa kanisa. Alisema anajua, msalaba ameuona, na akauliza magunia yawekwe wapi.

Aliyetuongoza sisi sote alikuwa msimamizi, mama wa Kiteso aliyekaribia miaka sabini, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alikuwa amefanya kazi za wodi maisha yake yote, na alipostaafu akahamia kwenye chumba kidogo kando ya jiko la makao. Hakuwa mtu wa kukushukuru sana. Ukifika, alikuonyesha kazi ilipo.

Mwaka huo habari za ugonjwa wa kutokwa damu zilikuwa zimetoka Uganda. Pale mpakani walisimama watu na vipimajoto, wakawaelekezea wasafiri kwenye paji la uso kama wanaowalenga kwa bunduki. Sokoni tuliacha kushikana mikono. Kwenye simu zilizunguka video ambazo hakuna aliyejua zimepigwa wapi, za watu waliolala chini na wengine waliovaa nguo nyeupe kichwa hadi miguu. Nilizitazama zote. Nilikuwa nikizitazama, halafu naenda kunawa mikono. Binti yangu alikuwa amejifungua miezi minne kabla, na alikuwa anaishi nami na mtoto wake. Kila nilipotoka sokoni nilinawa hadi viwikoni kabla ya kumbeba, na ngozi ya vidole vyangu ikapasuka kwa sabuni.

Jumanne ile mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Saa tano hivi nilikuwa barazani nikipindisha suruali, nikasikia pikipiki inaunguruma getini na mtu akipiga honi bila kukoma. Nikaenda kufungua. Mwendesha boda boda alikuwa amembeba mwanamume nyuma yake, amemfunga kiunoni kwa kamba ya mpira ili asianguke.

"Mama, mshike, mshike!" alisema. "Nimeambiwa nimlete hapa."

"Nani amekwambia?"

"Watu wa huko chini, kwa njia za panya. Mshike, mimi sina muda."

Alifungua kamba, na mwanamume yule akaniangukia. Sikuwa nimefikiri lolote. Nilimkumbatia kifuani ili asifike chini, jinsi ambavyo ungemkumbatia mtu yeyote. Alikuwa anachoma kama sufuria. Nilipomweka ukutani nikaona puani kuna damu, na kwenye shati lake kuna matapishi meusi yenye damu. Leso niliyojitanda begani nayo ilikuwa na damu. Mwendesha pikipiki aliona nilichoona. Alikanyaga gia akaondoka bila hata kudai chake.

Mwanamume yule alinishika mkono. Alikuwa kijana bado, labda miaka thelathini. Alisema kwa Kiswahili cha ng'ambo, akiniita mama kwa lugha ya kwao, "Nyabo, usiniache."

Nilivuta mkono. Sikuuvuta polepole. Niliunyakua, na kichwa chake kikagonga ukuta.

Msimamizi alitoka jikoni. Alisimama hatua nne kutoka kwetu akatazama, na nikaona uso wake ukibadilika. Kisha akaanza kusema taratibu, kama mtu anayesoma orodha.

"Dada, umemgusa?"

"Nimemgusa."

"Vua leso. Iache hapo hapo chini. Nenda kwenye bomba unawe kwa sabuni, mikono na shingo. Usimguse mtu. Usirudi ndani. Kaa chini ya paa la tangi."

Aliingia akatoka na glavu, barakoa, koti la mvua na mifuko ya plastiki aliyojifunga miguuni. Alimshika yule mtu kwapani akamburuta peke yake hadi chumba cha nguo za msaada, akamlaza juu ya godoro. Nilisikia akimwambia, "Niko hapa. Kunywa maji kidogo." Kisha akatoka, akafunga mlango, akavua vile vitu vyote kimoja kimoja, na akaanza kupiga simu kwa watu wa afya.

Mimi nilikuwa nimeketi chini ya tangi. Nilikuwa nimenawa mara tatu. Nilianza kuhesabu: mkono wake uligusa wapi, kifua chake kiligusa wapi, je, niliwahi kujipangusa uso? Sikukumbuka. Kadiri nilivyojitahidi kukumbuka, ndivyo nilivyojiona nikijipangusa uso. Nilimsikia msimamizi akisema kwenye simu, "Ndiyo, hakuna atakayetoka. Ndiyo, nitafunga geti."

Neno hilo la kufunga geti ndilo lililoniinua. Nyuma ya tangi ua ulikuwa wa mabati yaliyochakaa, na bati moja lilikuwa limelegea. Nilijipenyeza. Bati lilinikwaruza mgongo, na hata hilo lilinitia hofu, nikawaza kwamba sasa nina jeraha. Nikakimbia katikati ya mahindi ya watu.

Sitaki kujitetea. Sikuwaza juu ya mtu yeyote mwingine. Nilikuwa nataka nyumbani kwangu tu, kama mtoto anayekimbilia nyumbani akiumia. Njiani nilikutana na jirani aliyebeba mwavuli, akaninyooshea mkono kwa furaha kwa sababu tulikuwa hatujaonana muda mrefu. Niliinama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa ndala. Alinitazama miguu, akanitazama usoni, akaenda zake.

Nyumba yangu iko karibu na barabara, ina geti la mbao. Binti yangu alikuwa ameketi barazani akimnyonyesha mtoto. Macho yake yalipotua kwangu alisimama.

"Mama! Mbona umelowa hivyo? Leso yako iko wapi?"

Nilikuwa nimeweka mkono juu ya geti, nikauondoa.

Mtoto alinisikia nikikohoa, akaacha ziwa akageuza kichwa. Alikuwa ameanza kunitambua wiki chache tu kabla. Akanichekea, akaanza kurusha mikono yake yote miwili kama afanyavyo akitaka nimchukue. Binti yangu aliteremka ngazi akimleta kwangu.

"Simama hapo!" nilipiga kelele. "Usije. Usimlete mtoto."

"Mama, kuna nini?"

"Simama hapo hapo. Kuna mgonjwa makaoni. Nimemshika. Anatoka damu."

Alirudi hatua moja nyuma, kisha nyingine, mpaka kisigino chake kikagusa ngazi, na akamfunika mtoto kichwa kwa kitambaa kana kwamba ugonjwa ungeweza kuruka ua wote. Ni mimi niliyemwambia asije, lakini alivyorudi nyuma vile, nilihisi kitu kikikatika ndani yangu.

"Sasa utafanya nini?" aliniuliza. Alikuwa anaanza kulia.

"Narudi."

"Kuna mtu umemgusa njiani?"

"Sijamgusa mtu. Chukua sabuni, nyunyiza maji ya sabuni hapa kwenye geti. Usitumie mkono mtupu."

Nikarudi kwa njia ile ile ya mahindi. Safari ya kurudi ilikuwa ndefu zaidi. Kila niliposimama nilijiambia kwamba ningeweza kulala kwenye kibanda changu sokoni, nijifungie humo, nisimwambie mtu. Nilikuwa na ufunguo mfukoni. Nilifika mpaka njia inapogawanyika, ya sokoni na ya makaoni, na nikasimama pale nikinyeshewa kwa muda ambao siujui.

Msimamizi alikuwa ndani ya geti, amelifunga kwa mnyororo. Alinitazama nikija, akafungua.

"Umerudi."

"Nimerudi."

"Umemgusa nani?"

"Sijamgusa mtu."

"Mtoto?"

"Sijamgusa. Nilishika mbao ya geti tu."

Alinitazama machoni kwa muda. Wakati huo ndipo nilipogundua kwamba midomo yake inatetemeka, na pengine ilikuwa ikitetemeka tangu mwanzo. "Basi ingia," alisema. "Hawajafika bado." Hakulitaja tena jambo hilo, siku ile wala baadaye, na watu wa afya walipouliza waliokuwa karibu na mgonjwa, alinihesabu mimi kati ya waliobaki.

Walifika alasiri wakiwa wamevaa yale mavazi meupe niliyoyaona kwenye simu. Walimbeba mgonjwa kwenye machela. Alipopita mbele yangu macho yake yalikuwa wazi, lakini sijui yalikuwa yanatazama nini. Walinyunyiza dawa chumbani, barazani na pale ukutani alipokuwa ameegemea. Leso yangu waliichoma. Kisha mmoja wao, mwanamke, akatuambia kwa sauti nyororo iliyopita kwenye barakoa kwamba damu ya mgonjwa itapelekwa kupimwa Nairobi, na mpaka majibu yaje hakuna wa kutoka. Tulikuwa kumi na saba. Alituachia kipimajoto akatuagiza tujipime asubuhi na jioni, na yeyote atakayepata homa tupige simu mara moja.

Nilianza kujipima kila saa.

Kesho yake asubuhi msimamizi aliandika ukweli wote kwenye kundi la WhatsApp la wasaidizi. Hakuficha kitu. Alisema tuna unga wa siku mbili na mboga ya siku moja, na anayeweza kuleta chochote akiache getini aondoke, hatutamkaribia. Nilikuwa nimeshika simu yangu nikisoma. Kwanza zilikuja sala. Mikono iliyofumbatwa, mistari ya Zaburi, "Mungu awafunike." Halafu likatokea tangazo dogo kwamba mtu fulani ametoka kwenye kundi. Kisha mwingine. Kinyozi alitoka. Mwalimu mstaafu hakutoka, lakini hakuandika kitu. Kufikia mchana walikuwa wametoka tisa, na kila mmoja alipotoka nilihisi kama tunasukumwa mbali zaidi na nchi kavu.

Mwenyekiti wa kwaya alinipigia simu. Tulikuwa marafiki, nilimshonea binti yake gauni la harusi.

"Dada, tunawaombea sana," alisema.

"Asanteni. Leo ni Jumatano. Mnaweza kuacha hata sukuma wiki getini?"

Nilisikia redio nyumbani kwake.

"Mume wangu amekataa," alisema hatimaye. "Na wenzangu pia waume wao wamekataa. Dada, usinichukie."

Nilimwambia simchukii. Halikuwa kweli. Nilimchukia sana, mimi niliyepita kwenye bati jana yake.

Mchana huo huo mkulima wa Busibwabo akafika na baiskeli yake na gunia la viazi vitamu. Hakuwa amesikia lolote. Alipigia kengele getini kama kawaida yake, na mimi ndiye niliyelazimika kumwambia kutoka mbali. Alisikiliza akiwa ameshika gunia. Aliliweka chini taratibu sana, kama yai, akapanda baiskeli akaondoka kwa kasi ambayo sikuijua kwa mtu wa umri wake. Hakugeuka nyuma. Lakini viazi alikuwa ameviacha, na tulivila siku mbili.

Ndani ya makao hofu ilikuwa na sura nyingi. Mama mmoja aliyekuwa na ujauzito alikaa siku nzima akiwa amejifunika shuka kichwani. Mzee mmoja alikataa kula, akasema sufuria zimeguswa. Mtu akikohoa, kumi na sita waligeuka. Watu hawakutaka kukaa karibu nami, kwa kuwa wote walijua nilimkumbatia mgonjwa, na sikuwalaumu. Nilikula peke yangu chini ya tangi. Siku ya pili jioni kichwa kilianza kuniuma. Nilijipima, hakuna homa. Nikajipima tena. Nilikuwa nimeshazoea kale kamlio ka kipimajoto, na kila kilipolia nilifumba macho kabla sijasoma namba. Nilijitazama ulimi kwenye kioo cha simu. Nilijitazama weupe wa macho. Nilipopiga mswaki fizi zikatoa damu kidogo, jambo ambalo limenitokea maisha yangu yote, na nikakaa chini sakafuni nikashindwa kuinuka.

Msimamizi alinikuta hapo. Hakuniinua, kwa kuwa hatukuruhusiwa kugusana. Aliketi sakafuni mbali kidogo nami.

"Unaogopa kufa?" aliniuliza.

"Naogopa kufa peke yangu."

Alitikisa kichwa kukubali. Akasema, "Mimi naogopa yule kijana atakufa kabla sijajua jina lake. Nimejaribu kumuuliza mara mbili, hakuweza kusema." Kisha akasali. Sala yake ilikuwa fupi, ya Kiteso, na aliitamka macho yakiwa wazi akitazama mlango.

Siku ya tatu asubuhi ndipo walipokuja vijana. Walikuwa kama kumi na wawili, wengine nikiwajua kwa sura, watu wa kubeba mizigo kule mpakani. Walisimama ng'ambo ya barabara ya udongo. Mmoja alikuwa ameshika dumu la manjano. Sijui mpaka leo lilikuwa na maji au lilikuwa na nini.

"Mathe!" mmoja alipaza sauti. "Mnatuletea ugonjwa hapa. Ondokeni, ama hii nyumba tuichome."

Msimamizi alienda karibu na geti. "Mgonjwa alishachukuliwa," alisema. "Waliobaki ni wazima. Tumekatazwa kutoka."

"Wazima gani? Mnawaokota Waganda kila siku mnawaweka hapo!"

Jiwe likapiga paa la mabati, na ndani watu wakaanza kulia. La pili likapiga tangi. Nilimwita msimamizi arudi, hakurudi. Nilitaka kwenda nikasimame naye na miguu ikakataa. Hilo nalo nalikumbuka vizuri: nilikuwa nikiiambia miguu yangu iende, nayo haiendi.

Pikapu ya mzee wa duka ilitokea kwenye kona ikija polepole kwa sababu ya matope. Ilipita katikati ya wale vijana, wakapisha bila kutaka, ikasimama mbele ya geti. Mzee alishuka. Alikuwa amevaa kofia yake na kanzu iliyopandishwa isiguse tope. Hakuna aliyekuwa pamoja naye. Siku zote alikuja na wanawe wawili wa kushusha mizigo.

"Mzee, usiguse hapo," kijana mwenye dumu alimwambia. "Hapo ndani kuna ile kitu."

"Nimesikia," alisema mzee.

"Sasa unaenda wapi?"

"Kushusha unga. Njoo unisaidie, mgongo wangu ni mbovu."

Kijana yule alirudi nyuma. Mzee aliwatazama wote mmoja mmoja, akingoja, na hakuna aliyesogea. Basi akafungua nyuma ya pikapu akaanza kuvuta gunia mwenyewe. Lilimshinda, likaanguka kwenye matope. Alilivuta kwa kurudi kinyumenyume hadi getini, akipumua kwa nguvu, halafu akarudi kuchukua la pili. Hakuna jiwe jingine lililorushwa. Ni vigumu kuchoma nyumba huku mzee wa umri wa babu yako anahangaika na gunia mbele yako. Alipofika la nne mmoja wao alisema jambo la kutukana, lakini kwa sauti ya chini, na wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Yule mwenye dumu aliondoka wa mwisho.

Miguu yangu ikakubali. Nilifika hatua kadhaa kutoka getini. Mzee alikuwa ameegemea gari, uso umekuwa kama jivu.

"Mzee, Mungu akubariki. Wewe hukuogopa?"

"Usiseme hivyo, mama," alijibu. "Nimesimama mara mbili njiani kugeuza gari. Wanangu wamekataa kuja, wameniambia nikirudi nisiingie nyumbani. Tazama." Akanyoosha mikono yake mbele. Ilikuwa inacheza kama ya mtu mwenye homa ya baridi. "Nilijua leo unga umewaishia. Nilishindwa kukaa dukani nikiwa najua."

Hakuondoka. Alihamisha gari kidogo chini ya mti, akafungua mlango, akaketi humo mpaka jua likaegemea upande wa Uganda, akitazama barabara. Saa ya sala ilipofika alitandika mkeka wake kwenye nyasi. Nilimtazama kutoka ndani ya geti, na huo ndio wakati pekee katika siku zile ambapo sikujipima.

Majibu yalikuja siku ya nne, kabla ya saa sita mchana. Msimamizi alipokea simu akiwa amesimama barazani. Alisikiliza, akasema "asante" mara tatu, kisha akaketi chini pale pale.

"Si huo," alisema. "Ni malaria iliyopanda kichwani. Na vidonda vya tumbo, ndivyo vilivyotoa damu. Yuko hai."

Hakuna aliyeshangilia. Mama mjamzito alitoa shuka kichwani. Yule mzee aliyekataa kula akauliza kama kuna uji. Mimi nilichukua kipimajoto nikajipima tena.

Nilifika nyumbani jioni hiyo. Binti yangu alinikimbilia na mtoto, na ni mimi niliyenyoosha viganja kumzuia. Nilioga, nikabadilisha nguo, nikaketi mbali nao. Nilijua majibu, nilikuwa nimeyasikia kwa masikio yangu, lakini mwili wangu haukuyaamini. Siku mbili zilipita kabla sijamchukua mtoto mikononi, na hata hapo nilimshika kama kitu cha mtu mwingine.

Wiki iliyofuata kwaya walirudi. Walileta mchele, nyama, kreti ya soda, vitu ambavyo hawakuwahi kuleta hata Krismasi, na waliimba kwa sauti kubwa tangu getini. Msimamizi aliwapokea kama alivyowapokea siku zote. Aliwaonyesha sufuria na kisu, akasema vitunguu viko kwenye kapu. Mwalimu mstaafu akaja na kalamu zake. Kinyozi alichukua mwezi mzima zaidi. Mkulima wa Busibwabo alituma viazi kwa mtu mwingine msimu huo, na uliofuata akaja mwenyewe. Wana wa mzee wa duka walirudi kushusha mizigo, wakiwa hawatutazami machoni.

Yule kijana alitoka hospitali baada ya siku kumi akaletwa makaoni kupata nguvu. Alikuwa mchuuzi wa nguo kuukuu kutoka upande wa pili, bidhaa zake ziliibwa akiwa amelala na homa kwenye kibanda. Nilimkwepa Jumanne mbili. Ya tatu akaja mwenyewe barazani na suruali iliyomzidi kiuno, nikalazimika kumpima. Nilipokuwa nimeinama na utepe wangu nilimwambia. Nilisema ni mimi niliyempokea getini, alinishika mkono akaniomba nisimwache, nami nikaunyakua mkono wangu mpaka akagonga kichwa, kisha nikakimbia.

Aliponijibu alikuwa mpole, karibu ananionea huruma.

"Nyabo, mimi sikumbuki," alisema. "Nakumbuka pikipiki. Nakumbuka mvua. Halafu hospitali. Hapa katikati hakuna kitu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, na nilikuwa nimejiandaa kusamehewa. Hakuwa na chochote cha kunipa. Nilimalizia kumpima, nikamwambia arudi jioni suruali itakuwa tayari, nikabaki pale na pini midomoni.

Mwenyekiti wa kwaya, ambaye sasa alikuja hata Jumanne, alikuwa akiosha sahani kwenye bomba karibu nasi, na alikuwa amesikia yote. Alikuja akaketi kwenye benchi langu, mikono yake bado ina povu. Alianza kusema kitu juu ya mumewe, kisha akakiacha. Baadaye akachukua shati kutoka kwenye rundo la nguo za msaada, akatafuta sindano kwenye kopo langu, akaanza kushona kifungo. Alikishona vibaya, uzi mwingi mno. Sikukifumua.

Bado naenda kila Jumanne. Nikifika pale njia inapogawanyika mkono wangu huutafuta ufunguo wa kibanda mfukoni, kila mara, hata siku za jua na barabara kavu. Nasimama kidogo pale, navuta pumzi, halafu naenda.